Kikaango cha chuma jikoni Tanga: kukizoesha moto, kukipikia na kukilinda na kutu

Ukiishi Tanga, kikaango cha chuma kinakudai jambo moja kuliko yote: kisilale na maji. Hewa yetu ina unyevu na chumvi ya bahari. Chuma kilichooshwa usiku kikaachwa chanjani kijikaushe chenyewe, alfajiri utakikuta kimeshashika kutu. Masika ndiyo usiseme. Ndiyo maana vyuma vingi vya bibi zetu vimeishia uani vikinyweshea kuku, na sisi tukakimbilia vikaango vyepesi vya dukani vyenye utando mweusi. Hivyo navyo, kama tunavyosema wenyewe, waja leo waondoka leo: utando unachubuka, chapati inaanza kunata, unarudi dukani.

Kama unacho cha chuma, kikokote huko uani. Kama huna, soma kwanza kabla hujaenda sokoni.

Kununua: nenda na sumaku

Chuma ninachokizungumzia ni kile cha kusubu, kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu. Tatizo ni kwamba sokoni, iwe Mgandini au Makorora, kitu kinachoitwa "chuma cha vitumbua" huenda kikawa alumini iliyoyeyushwa na kusubiwa kwa umbo lile lile. Kikishapata masizi, kwa macho huwezi kuvitofautisha. Chukua sumaku, hata ya spika ya redio mbovu. Muuzaji akikuapia, "Chuma hiki mama, chuma kabisa," mjibu, "Haya mwanangu, tuone," halafu uigusishe. Ikishika ni chuma, ikidondoka ni alumini. Uzito nao unasema: kwa umbo na unene ule ule, chuma ni kizito zaidi ya mara mbili na nusu ya alumini. Alumini inapika, sikatai, ila haya ya kuzoesha moto, yaani kukijengea chuma utando wa mafuta yaliyochomwa, na ya kutunza utakayoyasoma hapa hayaihusu.

Ukishajua ni chuma, kigonge kwa kijiko. Kizima hulia sauti inayovuma. Chenye ufa hulia kwa kukwama. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, kati ya asilimia 2 na 4. Kaboni hiyo hukifanya kiyeyuke kwa moto mdogo kuliko chuma kitupu na kujaa vizuri kwenye kalibu, lakini hukifanya pia kiwe rahisi kuvunjika. Kikianguka kwenye sakafu ya saruji kinaweza kupasuka vipande. Kikimwagiwa maji baridi kingali cha moto, vilevile. Chenye ufa usikichukue hata kwa bure. Kutu ya juu juu haina neno, itumie kupunguzia bei. Ila kama kutu imekula hadi kukawa na vishimo vya kuingiza kucha, kiache.

Anayepikia gesi atazame na kitako. Kiweke mezani ukibonyeze pembeni. Kikiyumba, kwenye jiko la gesi kitakusumbua kila siku.

Kutoa kutu

Hapa kuna kitu tunachokijua tangu utotoni: mchanga, majivu na makumbi ya nazi. Kwa kusugua sufuria ni mazoea yetu ya kila siku, lakini kwa chuma kilichokwisha kuzoea moto ni kosa, kwa sababu utamenya kila kitu ulichokijenga. Kazi yake ni hapa tu, mwanzo, unapotaka kufika kwenye chuma kitupu. Sugua kwa nguvu mpaka uone kijivu. Stilwaya nayo ruksa leo tu.

Kutu ikiwa sugu, changanya siki na maji nusu kwa nusu, loweka nusu saa, utoe usugue tena. Usipitishe saa moja, kwa maana siki ikimaliza kutu inahamia kwenye chuma chenyewe. Suuza, futa, na kiweke motoni papo hapo. Usiseme unakwenda kwanza kuanua nguo, kwa sababu chuma kitupu chenye maji kinaanza kupata wekundu mbele ya macho yako.

Kuzoesha moto

Mafuta ya kuzoeshea chuma ni alizeti. Najua mtu wa pwani ataniuliza kwa nini si ya nazi. Mafuta ya alizeti yakipakwa mepesi yakachomwa, hushikamana na kuwa utando mgumu usiooshwa na maji. Ya nazi yana asili nyingine: hayakauki namna hiyo, hubaki mafuta. Ndiyo maana yanaganda yakiwa baridi na kuyeyuka yakipata joto, kila siku vilevile. Samli pia hivyo hivyo. Kwa kupikia ni matamu, yatapata nafasi yake chini, lakini kwa kujenga utando yatakucheleweshea kazi.

1. Osha kwa maji ya moto na sabuni kidogo, futa, kisha weka motoni kama dakika tano mpaka kikauke kabisa, hata kwenye shina la mkono na kwenye maandishi ya chini kama yapo.

2. Kikiwa na joto la kushikika kwa kitambaa, tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta. Paka ndani, nje, ukingoni na mkononi. Tumia kitambaa cha pamba; kipande cha kanga kuukuu kinafaa. Cha nailoni kitayeyuka na kuganda humo.

3. Chukua kitambaa kingine kikavu, ufute mafuta yote unayoweza kuyafuta. Yatakayobaki huyaoni kwa macho, na hayo ndiyo yanayotakiwa. Wengi wanakosea hapa, wanaona huruma na mafuta. Mafuta yakiwa mengi hayawi utando, yanakuwa gundi.

4. Kifudikize juu ya jiko la mkaa lenye moto wa wastani na ukifunike kwa debe au sufuria kuukuu ili joto lizunguke. Fanya uani, kwa sababu kitatoa moshi, na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua. Kiache mpaka moshi ukome wenyewe, kama nusu saa hadi saa moja.

5. Kiache kipoe hapo hapo. Rudia hatua ya pili hadi ya nne mara tatu au nne. Rangi itatoka kijivu, itapita kahawia, itaelekea nyeusi.

Chuma cha vitumbua kinataka uangalifu zaidi, kwa sababu mafuta hutuama chini ya kila kishimo. Funga kitambaa kwenye kijiti uingie kila shimo ukifute peke yake.

Kisipokuwa cheusi ti baada ya hapo usihangaike. Weusi unakuja na mapishi.

Mapishi ya mwanzo

Wiki za kwanza kaangia vitu vyenye mafuta ya kutosha: muhogo, viazi, mandazi, sambusa. Muhogo wa kukaanga ndio mwalimu mzuri, kwa sababu unakaa kwenye mafuta muda mrefu na haunati. Uchemshe kidogo na chumvi kwanza, umwage maji, uuache ukauke, ndipo uutie.

Vya kuepuka kwa sasa ni vyenye ukali: mchuzi wa nyanya, ukwaju, siki, ndimu nyingi, embe mbichi. Vinakula utando ambao haujakomaa, na chakula kinatoka na ladha ya msumari. Hata chuma kikishakomaa, kachumbari na mchuzi wa ukwaju viachie sufuria.

Sasa moto. Chuma kinachelewa kupata joto na kinachelewa kulitoa, na wala hakilisambazi vizuri kama alumini. Ukiwasha gesi kwa nguvu, katikati patawaka na pembeni pamelala. Anza na moto mdogo, kiache dakika tano hadi nane, ukigeuzegeuza robo kwa robo. Mkaa hapa unaishinda gesi, kwa kuwa moto wake unagusa kitako chote. Na kama jiko lako ni lile la mtungi mdogo wenye kichomeo juu yake, usiweke kikaango kipana kizito: kinapinduka kwa urahisi, na joto linarudishwa chini kwenye mtungi. Tafuta jiko la kukaa mezani lenye mpira wake.

Chapati za maji zitakuonyesha umefika wapi. Unga, yai, maji, chumvi, kitunguu kilichokatwa vidogo. Mimina upawa mmoja na uzungushe. Ikijitoa yenyewe ukingoni, chuma kimekubali.

Samaki

Ukitoka soko la samaki la Deep Sea na changu, tasi au vibua, tatizo la kunata mara nyingi ni maji ya samaki mwenyewe. Mpake chumvi, kitunguu saumu, pilipili, bizari na ndimu kidogo, akae nusu saa, halafu mfute kwa kitambaa mpaka ngozi ikauke. Ndimu ya kupaka haina shida kwa kuwa umeifuta.

Chuma kiwe cha moto kwanza, mafuta yafuate, yakianza kutetema ndipo samaki aingie. Mlaze kwa kuanzia upande ulio karibu nawe kwenda mbele, mafuta yasikurukie. Sasa mwache. Usimsogeze, usimchokonoe. Mwanzoni atashika, halafu ngozi ikishakauka na kupata rangi atajiachia mwenyewe. Ukimlazimisha kabla ya hapo, ngozi inabaki chini na nyama inakuja juu. Usijaze kikaango pia: samaki watatu wanaobanana wanachemka, hawakaangiki.

Harufu yake inakaa kwenye chuma. Baada ya kukifuta, tia chumvi ya mawe viganja viwili, ikaange kavu dakika chache ukiisugulia kwa kitambaa, uitupe. Hata hivyo ushauri wangu ni kuwa na viwili, cha samaki na cha vitamu. Kitumbua chenye harufu ya kibua hata mtoto mwenye njaa atakirudisha.

Vitumbua

Hapa chuma kinajilipa. Kitumbua kinataka joto lililotulia kutoka pande zote za kishimo, na chuma kizito hakishtuki ukikimiminia rojo baridi. Ndicho kinachompa kitumbua ganda la kahawia na moyo laini.

Loweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha. Asubuhi umwage maji, usage kwenye blenda pamoja na kikombe kimoja na nusu cha tui zito, iliki iliyotwangwa, kijiko kimoja cha chai cha hamira, na wali uliopoa kama robo kikombe. Wali huo usiuruke. Ndio unaoshikamanisha rojo na kufanya kitumbua kisivunjike. Saga mpaka ukisugua kati ya vidole usihisi chenga. Sukari, nusu kikombe, iingie mwishoni, kwa sababu italegeza rojo na usipojua utadhani tui lilizidi. Rojo liwe zito kuliko maziwa ya mgando ila lidondoke lenyewe kutoka kwenye upawa. Funika mahali penye joto. Kwa joto la Tanga saa moja mara nyingi inatosha. Siku ya mvua na upepo wa kusi, ongeza muda. Dalili ni mapovu juu na rojo kupanda. Likishaumuka usilikoroge kwa nguvu, lichote taratibu kutoka pembeni.

Chuma kiwe juu ya makaa yaliyoshika majivu, si yanayowaka mwali. Tia mafuta nusu kijiko cha chai kila kishimo. Hapa ya nazi ruksa, na harufu yake mwenyewe utaisikia. Dondosha tone la rojo: likichachatika polepole na kuzunguka, moto uko sawa, likikauka papo hapo, toa kaa moja au mawili.

Kishimo cha katikati siku zote kina joto zaidi. Anza kumimina vya pembeni, malizia na cha katikati, halafu unapogeuza anza na hicho. Usijaze mpaka mdomoni, rojo litapanda. Ukiona ukingo umekauka na juu pametoboka vishimo vidogo, ingiza kijiti chembamba au spoku ya baiskeli iliyosafishwa ubavuni, kizungushe kitumbua kwanza mahali pake, kikishazunguka ukipindue. Kisipozunguka hakijawa tayari, kipe nusu dakika. Ongeza matone ya mafuta ubavuni baada ya kupindua.

Raundi ya kwanza huwa mbaya kwa kila mtu, hata mama zetu wa vitumbua wa Ngamiani; hiyo ni ya watoto wanaosubiri mlangoni. Kuanzia ya pili moto umeshakaa. Tatizo linalokuja baadaye ni chuma kuzidi joto: nje panaungua, ndani rojo. Usiongeze mafuta. Kipakue jikoni dakika mbili, panga makaa upya, uendelee.

Mkate wa kumimina

Rojo lake ni ndugu wa hilo la vitumbua: mchele vikombe viwili, tui zito kikombe kimoja na robo, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko cha chai, iliki. Tofauti ni ute wa yai moja, uliopigwa mpaka ukatoa povu, unaochanganywa taratibu baada ya rojo kuumuka.

Kikaango kiwe cha kina cha vidole vitatu au zaidi. Kipake samli mpaka ukingoni, kipate joto la wastani, mimina rojo mpaka zaidi kidogo ya nusu. Lazima lisikie joto linapogusa chini, usikie sauti ndogo. Lisipotoa sauti, mkate utakuwa mzito chini.

Baada ya hapo moto wa chini upungue na wa juu uongezeke. Acha theluthi ya makaa jikoni, theluthi mbili yapalie juu ya mfuniko. Mfuniko wa chuma ndio mzuri. Sinia nene la bati linafaa, mfuniko mwembamba wa sufuria utajikunja, na wa kioo usithubutu. Vifuu vya nazi viwashie moto tu. Vinawaka kwa ghadhabu na kwisha upesi, juu ya mkate vitakuchomea ngozi kabla ndani hapajaiva.

Wengi hapa pwani, chini kukishaiva, hukipindua chombo chote juu ya makaa ili juu kupate rangi, kwa kutegemea kwamba mkate umeshika pembeni hautaanguka. Kwa sufuria inawezekana. Kwa kikaango ulichokizoesha vizuri usijaribu: hakishiki kitu, na mkate wako utakwenda wote kwenye moto. Makaa ya juu ya mfuniko ndiyo njia yako.

Funua baada ya dakika 15 kutazama, si kabla. Inua mfuniko moja kwa moja juu bila kuinamisha, majivu yasiingie. Juu pakiwa na rangi ya dhahabu na kijiti kikitoka kikavu katikati, ondoa makaa ya juu kwanza, kisha ipua. Chuma kitaendelea kupika baada ya kuipuliwa, kwa hiyo ipua mapema kidogo kuliko ungefanya na sufuria, na mkate usikae humo zaidi ya dakika kumi, chini patakauka.

Kuosha na kulaza

Osha kingali na vuguvugu, kwa maji ya moto na dodoki au kishada cha nyuzi za katani. Katani Tanga hatukosi tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge mwaka 1893, ikafika hai 62 tu na kupandwa Kikogwe, Pangani. Inakwangua chakula bila kuchubua utando.

Sabuni? Kidogo ya maji haidhuru utando uliokomaa. Kinachodhuru ni kuloweka, stilwaya na mchanga. Vilivyogandia, tia maji humo, yachemshe dakika mbili, kwangua kwa mwiko.

Halafu futa, rudisha motoni mpaka kikauke kabisa, paka matone mawili ya alizeti, futa. Hii kazi ya dakika tatu usiiahirishe kwa asubuhi. Kiweke mahali pakavu panapopita hewa, kisiwe kimefunikwa. Mfuniko unafungia unyevu ndani. Vikiwa viwili vimepandana, weka karatasi ya gazeti katikati. Masika, kile usichokitumia kila siku kipashe joto mara moja kwa wiki.

Kikinata ukigusa, mafuta yalizidi: kirudishe kifudifudi juu ya makaa saa nzima bila kuongeza kitu. Kikiwa na madoa ya kutu machache, sugua hapo tu na katani na chumvi, kausha, paka, choma mara moja. Utando ukibanduka vipande vipande vyeusi na kuingia kwenye chakula, usiupake mafuta juu yake. Hapo rudi kwenye mchanga na majivu, uanze upya.